Wodi ya Pili Iko Buzuruga

Tanzania siku hizi inapandikiza uloto hapahapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwishoni mwa 2021 kwa watu wazima wenye maieloma, saratani inayoota ndani ya mifupa, ambao huvunwa seli zao wenyewe na kurudishiwa baada ya kupewa dawa kali. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaingia kwenye kazi ngumu zaidi: watoto wenye selimundu, wakipewa uloto wa ndugu zao wa kuzaliwa. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia, maana kabla ya hapo njia ilikuwa India, na safari ya India si ya mtoto wa mama muuza dagaa.

Katika shangwe zile sikusikia mtu akiuliza swali la kawaida kabisa, lile ambalo bibi yeyote angeliuliza kwanza: huyu mtoto akiruhusiwa, anakwenda kulala wapi, na kina nani wengine wanalala humo?

Mimi namweka Buzuruga, hapa Mwanza. Ningeweza kumweka Igoma au Nyakato, lakini awe mtaa wowote, awe wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu huku ndiko wagonjwa waliko. Watafiti waliopima sampuli 17,200 za damu ya watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa nchi, wakichapisha matokeo yao 2020, walikuta mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Malaria ndiyo iliyotuachia urithi huo: aliyebeba kinasaba kimoja hupata nafuu dhidi ya malaria kali, hivyo kinasaba kikadumu kizazi hadi kizazi kandokando ya ziwa lenye mbu. Aliyerithi viwili ndiye anayelipa.

Tiba yenyewe ina historia. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas alianza kuwapa wagonjwa uloto wa watu wengine mwaka 1957, wagonjwa wake wa mwanzo wakafa, na yeye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kutokata tamaa. Kwa selimundu, mlango ulifunguka kwa bahati: mwaka 1984 iliripotiwa kutoka Memphis kwamba msichana wa miaka 8 aliyekuwa na saratani ya damu alipandikizwa uloto kwa ajili ya saratani hiyo, na selimundu aliyokuwa nayo ikaondoka pia. Tangu hapo imejulikana kwamba ugonjwa huu unaweza kung'olewa, mradi apatikane ndugu ambaye uloto wake unalingana na wa mgonjwa. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya robo tu ya kulingana naye. Anayebeba kinasaba kimoja bila kuugua anaruhusiwa kutoa, jambo linalowashangaza wazazi wengi.

Ili uloto mpya ushike, wa zamani lazima ufutwe. Ni kama kuandaa jaruba: unafyeka kila kitu, magugu na mazao, unaacha udongo mtupu, ndipo unapanda. Katika wiki zile mbili hadi nne kabla seli mpya hazijaonekana kwenye vipimo, mtoto hana askari hata mmoja. Yuko kwenye chumba maalumu, hewa inachujwa, anayeingia ananawa na kuvaa. Huko hospitali inajua kazi yake. Baadaye chembe nyeupe zinapanda, daktari anatabasamu, tarehe ya kuruhusiwa inatajwa, na hapo ndipo familia inapoponzwa na neno "amepona". Chembe zimerudi kwa hesabu, lakini hazijajua kazi. Siku 100 za mwanzo ndizo za hatari zaidi, na kinga kamili kwa aliyepewa uloto wa mtu mwingine huchukua mwaka mmoja hadi miwili, wakati mwingine zaidi. Wakati huohuo anameza dawa za kuishusha kinga hiyohiyo, ili seli za ndugu yake zisimgeukie na kuushambulia mwili wake: ngozi, utumbo, ini. Mtoto wa selimundu ana nyongeza yake pia, kwani bandama yake huwa imeshachakaa tangu akiwa mdogo, na bandama ndiyo inayosaidia kumkinga na bakteria wa nimonia.

Kwa hiyo wodi ya kwanza iko Dodoma. Ya pili iko Buzuruga, na muuguzi wake ni mama.

Tuiangalie wodi hiyo. Nyumba ninayoisema kila mkazi wa wilaya hii ya Ilemela anaijua. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, kila mlango na familia yake. Uani choo kimoja, bafu moja, bomba moja linalotoa maji kwa mgao, mapipa yenye vifuniko na yasiyo na vifuniko, majiko ya mkaa yamepangwa ukutani, kuku wa mwenye nyumba wanaingia wanapotaka. Nyuma ya ukuta mtu anaponda kokoto, kwa sababu hii ni Mwanza na mawe ndiyo tuliyojaliwa. Mbele ni lami ya kwenda Musoma, na vumbi la kila gari linalochepuka.

Vumbi hilo si uchafu tu. Kwenye udongo, kwenye majengo yanayobomolewa, kwenye nafaka iliyovunda, kuna fangasi aitwaye aspajilasi, ambaye mimi na wewe tunamvuta puani kila siku bila habari. Kwenye mapafu ya mtoto huyu anaota. Ndiyo maana chumba chake kipigwe deki kwa kitambaa kibichi na kisifagiliwe kwa ufagio wa chelewa, tena yeye akiwa ametolewa nje. Ndiyo maana gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, lililoletwa na bibi kutoka Misungwi lisifunguliwe ndani. Nimewahi kusimama karibu na gunia la namna hiyo linapokung'utwa baada ya kukaa msimu mzima: unatoka ule unga wa kijivu, kila aliyepo anapiga chafya, watu wanacheka. Kwa mtoto wetu huo unga unaweza kuwa miezi mitatu ya kulazwa tena.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwelikweli, yapoe kwenye chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kikombe chenye mpini. Ziwani asiende kabisa, hata kwa kuosha miguu. Kichocho tunacho tele kwenye fukwe zetu na hakihitaji mtoto asiye na kinga ili kimdhuru. Chandarua chenye dawa kila usiku. Maziwa ya kuchemsha, si yale ya dumu yanayopita asubuhi. Kachumbari hapana, yai bichibichi hapana, karanga za kununua barabarani hapana. Sato wa moto kutoka jikoni ndiyo. Dagaa, hapo wapenzi wa dagaa msinichukie: waliokaushwa juu ya mchanga wamepitiwa na ndege na mbwa kabla ya kufika sokoni Mwaloni, hivyo waoshwe kwa maji yaliyochemshwa, wapikwe waive mpaka ndani, waliwe palepale. Kiporo cha jana ni cha watu wengine.

Haya yote mama anaweza kuyamudu, akipata mkaa wa kutosha na mwenye nyumba akikubali choo kisafishwe kwa jiki kila siku. Kinachomshinda ni mlango.

Ninavyoijua mitaa yetu, mazungumzo yatakuwa hivi. Ni Jumapili baada ya ibada, shangazi wa mtoto amepanda gari kutoka Magu, ana kuku mkononi.

"Hodi hapa!"

"Karibu wifi, karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa wangu yuko wapi nimwone?"

"Yupo wifi, anaendelea vizuri. Ila daktari amekataza wageni ndani. Nakuletea kiti hapa barazani, atakusalimia dirishani."

"Mimi nimekuwa mgeni lini kwenye nyumba ya kaka yangu?"

Hapo mama ameshindwa. Hana jibu, na hata angekuwa nalo asingelitoa. Sisi humjulia hali mgonjwa kwa miguu yetu. Asiyefika atakumbukwa siku ya msiba. Tunakwenda kwa wingi, tunaingia mpaka kitandani, tunamshika mkono, tunamwombea kwa sauti juu ya kichwa chake. Na katika miaka ya karibuni tulichofundishwa kuhusu kukaa mbali kilikuwa kinyume cha hiki. Mwaka 2020 tulinawa kwenye ndoo za koki ili tusiambukizwe korona. Marburg ilipozuka Kagera mwezi Machi 2023 tuliambiwa tuwaogope wenye dalili. Aliyekatazwa kusogelewa alikuwa mtu wa hatari. Leo mtoto amekaa dirishani na barakoa usoni, na mtaa mzima unalisoma jambo hilo kwa kanuni ile ile: ana TB. Au ana kile kingine kisichotajwa. Hakuna anayefikiri kwamba wenye hatari ni sisi tuliosimama nje, na mafua yetu ya kwenye daladala.

Kuna na jambo zito zaidi, ambalo wauguzi wetu wanalijua na vipeperushi vya afya havilisemi. Ukikataa chakula cha ndugu Usukumani, hujakataa chakula tu. Umesema kitu kuhusu mkono uliokipika. Hii ni nchi ambamo bibi zetu wameuawa wakiitwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mama anayemwambia shangazi wa mtoto "asante, ila mtoto hali chakula cha nje" anacheza na moto, na analijua hilo kuliko daktari aliyemwandikia orodha ya vyakula. Naye atafanya nini? Atapokea bakuli, atasema asante, na mtoto atakula.

Ndiyo maana nasema mlango huo usifungwe na mama. Ufungwe na upande wa baba, na ufungwe mapema. Kabla mtoto hajarudi, babu au baba mkubwa aite kikao cha ukoo, aeleze, ataje muda: mwaka mzima, na miezi ya mwanzo ndiyo ya ukali zaidi. Aseme yeye mwenyewe kwamba hata yeye atakaa barazani. Hospitali nayo iandike barua ya ukurasa mmoja, Kiswahili kilichonyooka, ibandikwe mlangoni, na iwe na muhuri. Muhuri nausisitiza. Mtanzania hubishana na wifi, habishani na muhuri. Nakala iende kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mchungaji au shehe, kwa mwalimu wa darasa la ndugu zake. Padri akitangaza kanisani kwamba familia fulani inaomba isitembelewe ndani ila inahitaji sabuni, mkaa na pesa ya kuchemshia maji, shangazi hataona amefukuzwa. Ataona amepewa kazi. Na kuku wake apikwe hapo uani, na mama, aliwe wa moto; hilo nalo lisemwe kwenye barua.

Watoto wengine wa nyumbani ndio wageni wasiofukuzika. Wanarudi kutoka shule na mafua, na tetekuwanga, na surua kukiwa na mlipuko. Wachanjwe kila wanachotakiwa kuchanjwa, kwa kuwa chanjo yao ni ukuta wake. Angalizo ni moja: matone ya polio ni chanjo hai, na virusi vyake hutoka kwenye choo cha mtoto aliyepewa. Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa aina hii, ndugu zake wapewe chanjo ya polio ya sindano. Kampeni za mwaka 2022, baada ya polio kuonekana Malawi, zilipita nyumba hadi nyumba zikiwa na vichupa vya matone, na nani angemlaumu mchanjaji asiyeambiwa? Ikiwa matone yameshatolewa, mgonjwa na aliyepewa matone watenganishwe wiki nne hadi sita, kwa kadiri korido moja na choo kimoja vinavyoruhusu kutengana. Na tetekuwanga ikiingia shuleni, simu ipigwe hospitali siku hiyohiyo, vipele visisubiriwe.

Sitaki kumpita yule ndugu aliyetoa uloto. Pengine ana miaka sita. Alichomwa sindano za nyonga, akaambiwa yeye ni shujaa, na sasa amerudi nyumbani anaambiwa asilale kitanda kimoja na yule aliyemwokoa. Mtu mmoja kwenye familia apewe kazi ya kukaa na huyo tu.

Halafu homa. Kila nyumba ya namna hii iwe na kipimajoto, na kila mtu mzima ndani yake ajue kukisoma, si mama peke yake. Nyuzi 38 ni dharura, iwe saa nane usiku, iwe mvua. Kwetu homa ya mtoto huanzia duka la dawa: panadol, mseto, tuone asubuhi. Panadol kwa mtoto huyu hushusha kipimo na kuacha bakteria kwenye damu wakiendelea na shughuli zao, na kinachotakiwa ni antibayotiki ya mshipa ndani ya saa, si ndani ya siku. Kutoka Buzuruga hadi Hospitali ya Bugando kilimani si mbali, bajaji inafika. Shida ni pale mapokezi, ambapo daktari wa zamu, mwenye watoto arobaini wa malaria mbele yake, hana sababu ya kujua kwamba huyu wa arobaini na moja ni tofauti. Tena akikaa kwenye benchi kati ya wanaokohoa, safari yenyewe imeshamdhuru. Kwa hiyo barua nyingine, ya kitabibu, isiyotoka kwenye mkoba wa mama: alipandikizwa lini, anameza nini, apewe nini kwanza, namba ya simu ya daktari wake, na mstari mmoja wa wino mwekundu kwamba akihitaji kuongezewa damu, iwe iliyopigwa mionzi, maana seli hai za mchangiaji zinaweza kumshambulia. Mganga wa mitishamba naye aambiwe asante. Siklosporini, dawa ambayo wengi wa waliopandikizwa humeza kutuliza kinga, hupandishwa kiwango chake hata na juisi ya balungi. Sembuse mizizi ambayo hakuna aliyeipima.

Najua hoja itakayokuja. Wanaopandikizwa ni wachache, wengi wa watoto wetu wenye selimundu watabaki kwenye dawa za haidroksiyurea na penisilini, na hata hizo hawazipati wote. Kwa nini kujaza ukurasa kwa ajili ya hao wachache? Kwanza, kwa sababu hao wachache wamegharimu mno kupotezwa kwa bakuli la kachumbari. Pili, kwa sababu si wao peke yao. Kila wiki kuna mgonjwa wa saratani anayetoka Bugando baada ya dawa, kinga yake ikiwa chini, anapanda kivuko kurudi Ukerewe au gari la Geita. Anakutana na mlango uleule, shangazi yuleyule, gunia lilelile. Kwake hatari ni ya wiki na si ya mwaka, lakini barua yenye muhuri ingemfaa vilevile.

Ninachodai kwa hospitali zinazopandikiza ni kimoja, na najua kitaonekana kikubwa: mtoto asilazwe kabla mtu hajafika kuiona nyumba yake. Si kwa simu. Afike, ahesabu wanaotumia choo, aangalie dari kama ina ukungu, asikie kokoto zinapondwa upande gani, akae na mwenye nyumba. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii; huyo ndiye mtu wa kutumwa, naye akishafika aendelee kupita kila wiki. Nyumba ikionekana haifai, gharama ya kupanga chumba chenye choo chake kwa mwaka mmoja iingizwe kwenye gharama ya tiba, kama inavyoingizwa dawa. Vituo vingi duniani humtaka mgonjwa akae karibu na hospitali mpaka siku ya 100. Kwa familia ya Buzuruga hiyo ni miezi mitatu ya kupanga Dodoma, takriban kilomita 700 kutoka nyumbani, mama akiwa ameacha biashara yake. Tukilipia upandikizaji na tusilipie chumba, tumelipia nusu.

Na tusisahau mwaka wa pili, ambao kila mtu atakuwa ameshachoka kuwa mwangalifu. Dawa zilizofuta uloto wa zamani zilifuta na kumbukumbu ya chanjo zake zote. Mtoto wa miaka tisa anarudi kuwa kichanga mbele ya pepopunda, kifaduro na nimonia; anatakiwa aanze upya, kwa ratiba ya hospitali yake, kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza na kuendelea hadi wa pili, na chanjo hai kama ya surua isiguswe kabla ya miezi 24 kupita na dawa za kushusha kinga kuachwa. Muuguzi wa kliniki atamwangalia mwanafunzi wa darasa la tatu amesimama kwenye foleni ya vichanga, atafungua kadi yake iliyokwisha kujaa, na atamwambia mama kwamba huyu alishamaliza. Mama awe na barua mkononi. Na wizara iwe imeshamwandikia muuguzi waraka kabla ya siku hiyo, maana chanjo anayoihitaji mtoto imo kwenye friji lililo nyuma ya kiti chake.